Gauni Juu, Jasho Chini: Nilivyoingia Jumba la Downton

Kama hujawahi kuiona Downton Abbey, mpenzi msomaji, nikupe kwa kifupi ili twende sawa. Ni tamthiliya ya Waingereza. Ilianza kuonyeshwa mwaka 2010 ikafungwa mwaka 2015 baada ya misimu sita na vipande 52, halafu watu wakaililia mpaka zikatengenezwa sinema tatu: moja mwaka 2019, nyingine 2022, na ya kufungia kazi 2025. Mtunzi ni Julian Fellowes. Kuna jumba moja kubwa la kutisha. Juu wanakaa wenye nyumba, Lord Grantham, mkewe Mmarekani na mabinti zao watatu. Chini, jikoni na stoo, kuna jeshi zima la watumishi. Hadithi inaanza Aprili 1912, habari za kuzama kwa meli ya Titanic zinapofika, na sinema ya mwisho inatufikisha mwaka 1930. Hapo katikati kuna mapenzi, misiba, urithi, umbeya... yaani uswahilini kwetu kabisa, tofauti ni kwamba wenzetu wanasutana kwa adabu, kikombe cha chai mkononi.

Sasa mimi bwana, ugonjwa wangu siyo hadithi. Ugonjwa wangu ni nguo. Naweza kuangalia kipande kizima nisikumbuke nani kamkataa nani, lakini ukiniuliza Lady Mary alivaa nini mezani nitakwambia mpaka rangi ya glovu. Kwa hiyo mwaka 2025, nilipopata bahati ya kwenda kumtembelea mama mdogo anayeishi mji wa Reading, Uingereza, nilikuwa na orodha yangu mfukoni: jumba lenyewe, maonyesho ya nguo, halafu sinema ya mwisho. Mama mdogo alikubali kunisindikiza kwa sharti moja tu.

"Mimi nataka kuona jiko," alisema. "Hayo magauni utaona wewe."

Usimshangae. Mama mdogo ni shabiki wa Downton kuliko mimi, ila yeye anashabikia upande wa chini. Kabla hajakwenda majuu alikuwa hausigeli Oysterbay, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Leo anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Akiangalia tamthiliya ile haoni "zamani". Anaona kazini.

Jumba wanaloliita Downton kwa jina la kweli ni Highclere Castle, liko Hampshire, kusini mwa mji wa Newbury. Kutoka Reading unapanda treni, nusu saa hivi uko Newbury, kisha teksi. Tiketi lazima ukate mapema, maana ile siyo makumbusho ya serikali ni nyumba ya watu. Ukoo wa Carnarvon wanaishi pale tangu mwaka 1679 na wanafungua milango kwa siku chache tu za mwaka, hasa kiangazi. Ukichelewa kukata, utaishia getini ukipiga picha miti.

Na miti yenyewe babu kubwa! Teksi inaingia kwenye bustani isiyoisha, majani yamekatwa kama zulia, mierezi ya Lebanoni imetanda matawi kama wazee waliokaa barazani. Mchoraji wa bustani hizo, karne ya 18, alikuwa Capability Brown, fundi maarufu wa kufanya bustani ionekane kama imeota yenyewe. Halafu ghafla jumba hilo hapo. Nakwambia nilisimama. Minara ile unayoiona mwanzo wa kila kipande, na mbwa akitembea mbele, ndiyo hiyo hiyo. Aliyelichora hivi lilivyo sasa, kazi iliyoanza mwaka 1842, ni Charles Barry, yule yule aliyechora Bunge la London. Ndiyo maana ukiliangalia unahisi kama umeliona mahali.

Ndani hawaruhusu picha. Kwa hiyo msomaji itabidi uniamini. Ukumbi mkubwa una dari refu la kwenda juu ghorofa mbili, kuta zimevikwa ngozi ya zamani kutoka Hispania, siyo rangi wala karatasi, ngozi! Kuna ngazi za mbao ya mwaloni ambazo Lady Mary amezishuka na kila aina ya gauni. Kwenye chumba cha kulia kuna picha kubwa ya Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi, iliyotoka mikononi mwa Van Dyck, na ukikumbuka zile karamu zote familia inakula huku farasi anawachungulia, unacheka mwenyewe. Maktaba ina maelfu ya vitabu vilivyopangwa mpaka karibu na dari. Nilikitafuta kiti cha Lord Grantham nikakikuta kimefungwa kamba. Sawa tu.

Kila chumba kina mtu wa kujibu maswali. Mama mdogo alimfuata bibi mmoja mwenye miwani.

"Samahani mama, jiko la Bi Patmore liko wapi?"

Yule bibi akatabasamu, nadhani anaulizwa mara hamsini kwa siku. Akatueleza kwamba jiko halipo. Halijawahi kuwapo pale. Jiko lote unaloliona kwenye tamthiliya, masufuria ya shaba, meza ndefu ya watumishi, ule ujia wenye kengele, vilijengwa studio za Ealing, London, na zilipokuja sinema wakavijenga tena studio ya Shepperton. Daisy akipanda ngazi na makaa anatoka London, mlango ukifunguka juu tayari yuko Hampshire. Kamera inaunganisha, sisi tunaamini.

Mama mdogo alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo wametuweka mbali kabisa," alisema kwa Kiswahili. Yule bibi akatikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa.

Chini ya jumba, mahali ambapo ulitegemea moshi wa kupikia, wameweka maonyesho ya Misri. Hii nayo ni stori ya peke yake. Lord Carnarvon wa tano ndiye aliyetoa fedha za kumchimbia Howard Carter mpaka likapatikana kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922. Miezi michache baadaye, Aprili 1923, akafia Cairo. Magazeti yakavuma kwamba ni laana ya Farao. Kilichomwua ni jeraha la kuumwa na mbu lililoingia vijidudu! Sisi tunaolala nao kila siku hakuna gazeti linalotuandika.

Mkewe, Almina, alipoanza vita ya mwaka 1914 aligeuza jumba kuwa hospitali ya wanajeshi majeruhi, na hilo utaliona kwenye msimu wa pili wa tamthiliya, vitanda vimepangwa ukumbini na mabinti wa kitajiri wanajifunza kushika bandeji. Niliangalia ukumbi ule nikamkumbuka bibi yangu akisimulia mambo ya vita hiyo hiyo upande wetu, wanaume walivyokamatwa kubeba mizigo ya Jeshi la Waingereza. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukakigeuza, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo leo tunaiita Kariakoo. Kila ukienda kununua nyanya unalitaja jeshi la wapagazi. Hao hakuna aliyewashonea gauni la sinema.

Jumba lenyewe, kwa taarifa yako, lilikuwa hoi kabla ya tamthiliya. Mwaka 2009 paa lilikuwa linavuja na vyumba vingi vya juu havikaliki, matengenezo yakikadiriwa kufika mamilioni ya pauni. Kamera zikaja mwaka uliofuata, na nyuma ya kamera watalii. Sisi wawili na tiketi zetu tumechangia bati. Nilimwambia mama mdogo hivyo, akasema basi wangetupa hata chai ya bure.

Haya, tuje kwenye nguo, ndiyo mahali pangu.

Majira yale yale, mwezi Agosti na Septemba 2025, kampuni ya mnada ya Bonhams iliweka hadharani vitu vya Downton kwenye jengo lake la New Bond Street, London. Kuingia ilikuwa bure, ingawa mtaa wenyewe ukiona bei za madirishani unajikuta unashika pochi. Vitu vyote vilikuwa vinapigwa mnada na mapato yanakwenda kwa shirika la Together for Short Lives, linalosaidia watoto wenye maradhi yasiyotibika. Ilikuwepo gari ya familia, Sunbeam ya mwaka 1925. Na lilikuwepo gauni la harusi la Lady Mary.

Msomaji, gauni likiwa kwenye sinema linatembea, linameta, linapigwa taa, na ndani yake yumo Michelle Dockery. Likiwa juu ya sanamu halina pa kujificha. Ndipo unapoona kazi. Unaona sindano ilipopita, unaona shanga moja moja zilivyofungwa, unaona jinsi mwili wa mwigizaji ulivyo mwembamba kuliko ulivyodhani. Gauni lile ni la harusi ya mwaka 1920 katika hadithi, kwa hiyo limenyooka, halikamati kiuno kama magauni ya mwanzo. Usione ni jambo dogo. Mwaka 1912, wanawake wa jumba lile walikuwa wanafungwa koseti na mtumishi, kamba zinavutwa kwa mgongoni kama unafunga mzigo juu ya basi. Mtu alikuwa hawezi kuvaa mwenyewe! Ilipofika miaka ya ishirini mikanda ikashuka nyongani, pindo likapanda, nywele zikakatwa, na bibi akaweza kuingiza gauni kichwani bila kuita msaada. Fasheni ilibadilika, na kazi ya msichana wa kuvalisha ikaanza kuyeyuka.

Ndiyo raha ya tamthiliya hii. Ukizima sauti kabisa, nguo zinakuhadithia. Bibi kizee Violet, aliyeigizwa na hayati Maggie Smith, aliyefariki Septemba 2024, hakubali kuhama zama. Wajukuu wanavaa magauni mafupi, yeye kola iko shingoni, zambarau yake na fimbo yake. Mdogo wa mabinti, Sybil, msimu wa kwanza anaingia sebuleni na suruali pana ya buluu ya mtindo wa mashariki, familia nzima wanatoa macho. Wenzetu wa Pwani na Zanzibar wangeshangaa wanashangaa nini, suruali pana chini ya gauni bibi zetu wamevaa tangu enzi! Na Mary alipofiwa na mumewe, alikaa na nyeusi tupu, halafu wakamhamishia zambarau, taratibu, kama mtu anayepona. Sisi tuna eda ya miezi minne na siku kumi, wenzetu nao walikuwa na kalenda yao ya rangi. Hakuna aliyesema neno, gauni lilisema.

Fundi mkuu wa mavazi kwa misimu miwili ya mwisho na sinema zote tatu ni Anna Robbins. Kabla yake walikuwepo Susannah Buxton na Caroline McCall. Siri yao ni kwamba siyo kila kitu kinashonwa upya. Nguo nyingine ni za zamani za kweli, zimetunzwa karibu miaka mia. Nyingine hukodiwa kwenye maghala ya mavazi kama Cosprop ya London, iliyoanza mwaka 1965. Zilizobaki zinashonwa, na mara nyingi hata hizo zinapachikwa kipande cha tarizi au lesi ya kale kilichookolewa kwenye gauni lililokufa. Yaani mitumba, lakini mitumba ya kitajiri. Magauni ya shanga ya miaka ya ishirini yana balaa lake: hariri imezeeka, shanga ni nzito, gauni linajichana lenyewe kwa uzito wake likiwa limening'inia tu.

Na kufua? Hakuna kufua. Wasanii wenyewe wameshawahi kuwaambia waandishi wa habari kwamba wananuka, maana nguo zile hazivumilii maji. Kwapani wanashonea viraka vidogo vinavyobanduliwa, vinafuliwa hivyo tu, gauni linabaki. Kwa hiyo ukimwona mtu kasimama karamuni amejaa almasi, jua kuna harufu ambayo televisheni haikuletei. Mungu mkubwa.

Watu walijazana kwenye lile gauni la harusi mpaka ikabidi nisubiri zamu. Nilipomaliza, nikamtafuta mama mdogo simwoni. Nikamkuta peke yake mbele ya ubao wa kengele.

Kama umeiona tamthiliya unaujua. Ni safu ya kengele zilizotundikwa ukutani chini kwa watumishi, kila moja ina jina la chumba. Bwana akivuta kamba maktabani, kengele ya maktaba inatikisika, mtu anaacha ugali wake anakimbia.

"Ya kwetu Oysterbay ilikuwa ndogo, ya shaba, inakaa mezani karibu na chumvi," mama mdogo alisema. Sijawahi kumsikia akiisimulia. "Mama mwenye nyumba hakuwa mbaya. Hakuwahi kunipiga. Ila alikuwa hajui jina langu la pili, na alikuwa hataki kupaza sauti, kwa hiyo anapiga kengele. Siku nyingine nimemaliza kupiga deki nimekaa chini nile, naisikia. Mpaka leo nikisikia baiskeli ya muuza koni mgongo unasimama."

Nikamwuliza mbona basi anaipenda tamthiliya yenyewe.

"Kwa sababu kule wanaonyesha anayekimbia," alisema. "Mahali pengine kote wanaonyesha anayepiga."

Hapo nami niseme langu. Mimi Downton naipenda lakini inatupaka mafuta. Mabwana wa kule wana huruma kupita kiasi. Mpishi akiumwa macho, bwana mkubwa anampeleka kwa daktari London kwa gharama zake. Dereva anaoa binti wa nyumba, baada ya makelele kidogo anakaribishwa mezani. Inawezekana walikuwepo mabwana wa hivyo. Lakini jambo moja la kweli tamthiliya hailisemi kwa sauti: wasichana wa kazi wa enzi zile mara nyingi walitakiwa kuja na nguo zao za kazi, gauni la kitambaa cha maua kwa asubuhi, jeusi na aproni nyeupe kwa mchana, wanunue kwa fedha zao kabla hawajapata mshahara wa kwanza. Wanaume wa kuhudumia mezani, kwa kuwa wanaonekana na wageni, walivalishwa na nyumba. Nilipomweleza mama mdogo hilo aliangalia viatu vyake. Kazini kwake wanampa blauzi. Viatu, vile vyeusi visivyoteleza, ananunua mwenyewe.

Kwa hiyo ukienda kwenye maonyesho ya nguo za sinema, fanya kama nilivyofanya baada ya pale: liache gauni la Mary, wapo wa kuliangalia. Tafuta aproni. Angalia lilivyokatwa, mikanda yake inavyopita mgongoni, kola iliyotiwa wanga mpaka inasimama. Ni kazi ngumu kushona kitu kiwe kimechoka vizuri. Nguo ya mtumishi kwenye sinema lazima ionekane imefuliwa mara mia na kupigwa pasi mara mia na moja.

Sinema ya mwisho, The Grand Finale, ilitoka Septemba 12, 2025. Tuliiona wiki iliyofuata hapo hapo Reading, ukumbi umejaa akina mama wa Kizungu wamebeba leso kama wanakwenda msibani. Ni mwaka 1930. Lady Mary ameachika kwa mumewe wa pili, na talaka enzi hizo ilikuwa fedheha, anatolewa kwenye dansi la wakubwa London kwa kuwa watu wa ukoo wa kifalme wanakaribia kuingia. Anayo gauni jekundu humo ndani... we acha tu. Limekaa mwilini kama limemwagwa. Nilimfinya mama mdogo, akanisukuma mkono.

Yeye alikuwa anamsubiri Daisy. Yule binti wa jikoni ambaye kipande cha kwanza kabisa kinaanza naye alfajiri, anapita chumba kwa chumba akiwasha moto wakati wakubwa wamelala. Miaka kumi na minane ya hadithi amemenya viazi. Na kwenye sinema hii Bi Patmore anastaafu, jiko anakabidhiwa Daisy. Huko juu nako Lord Grantham anamwachia Mary jumba. Ukumbi mzima walilia kwa jumba. Mama mdogo alilia kwa jiko, tena kwa sauti, mpaka bibi wa siti ya mbele akampa leso yake.

Tulirudi na basi. Mnada ulikuwa umeshafungwa Septemba 16, nikatoa simu kuangalia matokeo. Zile kengele zilinunuliwa kwa bei iliyoacha mbali sana makadirio ya mwanzo. Nikamsomea.

"Kwa hela hizo?" mama mdogo aliuliza. "Sasa huyo aliyezinunua atampigia nani?"

Alicheka mpaka abiria wakageuka. Halafu akaniomba nimwekee saa ya kuamsha, maana kesho yake alikuwa anaingia zamu ya asubuhi.